Spirulina inageuka njano au maji yanageuka bluu? Jinsi ya kujua imezidiwa na nini, na uiokoe vipi

Beseni langu la kwanza la spirulina, vile vijani vya majini vinavyofugwa kwa ajili ya chakula, lilikufa Iringa, mwezi wa saba, siku ya jua safi kabisa, ndio maana iliniuma. Usiku nililifunika na nailoni, saa moja asubuhi natoka naona anga halina hata wingu nikasema leo itakula jua mpaka ishibe, nikafunua nikaenda zangu kazini. Jioni narudi maji yana rangi kama yamefuliwa jinzi mpya, bluu bluu hivi, na juu povu linanata. Ile asubuhi maji yalikuwa digrii 14. Nikadhani baridi ndio imeua, kumbe baridi peke yake ingeilaza tu, na jua peke yake ingelihimili, kilichoua ni hivyo viwili kukutana.

Ngoja nieleze kwa nini, maana ukishaelewa hapa mengine yote yanafuata. Spirulina sio mwani wa kweli, ni sianobakteria, bakteria anayejipikia chakula kwa mwanga. Ndani yake kuna mtambo wa kunasa mwanga, na kwenye huo mtambo kuna protini moja inaitwa D1 ambayo inaungua kila siku, hata kwenye mwanga wa kawaida. Seli inaikata ile iliyoungua, inaitupa, inatengeneza mpya inapachika. Kazi hii haisimami mchana kutwa. Sasa mwanga unapoharibu hausubiri joto, unaharibu tu hata maji yakiwa ya baridi, lakini kutengeneza protini mpya kunataka joto. Mwanasayansi Norio Murata na wenzake kule Okazaki, Japani, walifanyia kazi sianobakteria nyingine inaitwa Synechocystis wakaonyesha kwamba baridi na chumvi haviongezi kasi ya kuungua, vinachofanya ni kumfunga mikono fundi, yaani ile kazi ya seli ya kutengeneza D1 mpya. Kwa hiyo ukiona spirulina imezidiwa usijiulize tu nini kinaiumiza, jiulize nini kinamzuia fundi.

Naomba nitoke nje ya mada kidogo hapa. Wanaojenga mtambo wa fyusheni wa ITER (wa kupata nishati kwa kuunganisha atomi, kama jua linavyofanya) kule Cadarache, Ufaransa, mwaka 2023 walitangaza kwamba ukuta wa ndani unaotazamana na plazma, ile gesi ya moto sana, utakuwa wa tangsteni badala ya berili. Tangsteni inayeyuka kwenye digrii 3422, unaweza kusema hiyo haina shida na chochote, lakini nyutroni zikiipiga zinang'oa atomi kutoka kwenye nafasi zake, ndani kunabaki mashimo mashimo. Metali ikiwa ya moto atomi zinatembea na baadhi zinarudi kwenye mashimo, ikiwa ya baridi hazisogei, tena tangsteni ya baridi ni kavu, inapasuka kama kigae. Ukizidisha moto nako punje zake zinajipanga upya inadhoofika. Yaani hata ukuta wa jua la kutengenezwa una joto lake la kujitibu, chini yake shida, juu yake shida. Tofauti ni kwamba ukuta hauna fundi wa kutengeneza atomi mpya, beseni lako linaye. Haya turudi.

Vifaa vya kuwa navyo: themomita ya maji, karatasi za kupima pH zinazofika 11 (zile za kuishia 8 hazina kazi hapa), neti ya kivuli, na fimbo yenye kifuniko cheupe cha chupa mwishoni, ichore sentimita. Hiyo fimbo ndio muhimu kuliko vyote na haina gharama. Unaizamisha taratibu, kifuniko kikipotea machoni kwenye sentimita 3 au chini ya hapo beseni limeshiba unaweza kuvuna, kikionekana mpaka 5 na kuendelea basi bado ni nyepesi na lazima iwe kivulini. Spirulina inaota kama nyuzi ndogo ndogo, ikiwa nzito nyuzi za juu zinazikinga za chini na ukikoroga zinapokezana, ikiwa nyepesi kila uzi unakula jua lote peke yake. Wengi wanavuna kwa tamaa mpaka beseni linabaki kama chai ya rangi halafu wanaliacha juani, wanaua bila kujua.

Asubuhi fanya hivi. Pima joto la maji kabla ya kufunua chochote. Chini ya digrii 20 acha neti juu, kama una nailoni angavu weka na hiyo ili joto lipande, usiwe na haraka. Yakifika 25 hivi toa nusu ya kivuli, na yakikaribia 30 unaweza kufunua yote kama ni nzito. Kwa Iringa au Njombe hiyo ni saa nne, saa tano huko, kwa Dar au Mombasa huenda hata usihangaike na asubuhi, adui yako ni saa saba mchana. Inapenda 35 mpaka 37, ikipita 40 na kukaa hapo muda mrefu inaanza kufa, na beseni jeusi la maji machache linafika 40 haraka sana. Mchana koroga mara kwa mara kwa mkono au pampu ndogo ya akwaria inayotoa mapovu. Pampu zenye mapanga ya kuzunguka ziache, zinakata nyuzi vipande na ukija kuchuja zinapita zote kwenye kitambaa.

Sasa dalili. Chuja maji kidogo kwenye kitambaa safi uangalie yaliyopita. Yakiwa na ubluu ujue seli zimepasuka, ile bluu ni fikosianini, rangi inayokaa ndani ya seli hai, haitakiwi kuwa nje. Hii ndio dalili mbaya kuliko zote. Rangi ikififia polepole kwa siku kadhaa kutoka kijani cha bluu kwenda kijani cha njano, na maji yaliyochujwa hayana bluu, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Spirulina haiwezi kuchukua naitrojeni ya hewani, kwa hiyo ikiishiwa inakula mitambo yake yenyewe ya kunasa mwanga kwa sababu imejaa protini, kama mtu anayechoma mlango kupikia. Mpe potasiamu naitreti, mimi nakwenda na gramu 2 kwa lita nikianza maji mapya, na ikiwa ni njaa utaona rangi inarudi kwa siku chache. Urea inafanya kazi haraka lakini kwa pH ya 10 inageuka amonia, ukisikia harufu ya choo umeshazidisha. Kama una hadubini angalia na umbo, nyuzi za afya nyingi zimejiviringa kama springi, zikianza kunyooka ni ishara kwamba kuna kitu kinaisumbua ingawa haikwambii ni kipi.

Chumvi nayo watu wanaisahau. Maji yakipungua kwa jua chumvi na baikaboneti (ile soda ya kuokea inayowekwa kwenye maji ya spirulina) vinabaki, kila siku vinazidi kukolea, na seli inalazimika kutengeneza sukari maalumu za kujikinga, kazi juu ya kazi. Chora alama ya maji pembeni ya beseni, jioni rudisha kwa maji matupu sio kwa maji ya mbolea. Na mbolea weka jioni vilevile, kuongeza chumvi chumvi saa sita jua likiwaka ni kumfunga fundi mikono muda ule ule anaohitajika.

Ikishazidiwa: kivuli kizito mara moja, ikiwezekana gunia, usivune, usiweke mbolea, koroga taratibu, subiri siku mbili tatu. Kama kuna bluu kidogo toa povu na mabonge ya juu, ondoa theluthi ya maji, rudishia maji mapya yenye baikaboneti gramu 8 kwa lita na chumvi gramu 5. Ikinuka uvundo mwaga, na iliyopona wiki hiyo usiile, seli zilizokufa ni karamu ya bakteria wengine.

Mtu akikwambia mbegu, yaani spirulina hai ya kuanzia, si ipo tu ziwa Bogoria au Natron, heroe wanaila kila siku, mwambie hapana. Ni kweli spirulina ndio inawalisha heroe wadogo wa maziwa hayo, lakini Bogoria kumekutwa pia sianobakteria za sumu na zimehusishwa na vifo vya heroe hao hao. Nunua mbegu safi kwa mtu anayeifahamu.

Na siku ukiipata, kabla hujamwaga kwenye beseni, jaza chupa mbili uziweke ndani dirishani pasipopigwa na jua moja kwa moja, uzitikise kila ukipita. Mimi beseni lilipokufa sikuwa nazo.