Namna ya Kuandika Maoni Yatakayowafaa Watunzi wa Ravenloft

Mwongozo huu unawahusu wanaocheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa kurusha dadu, hapa Tabora, hasa wale ambao, wakishamaliza kisa cha Ravenloft, ulimwengu wa kutisha wa mchezo huo, huwa na mengi ya kuwaambia watunzi lakini huishia kusema kwamba mchezo ulikuwa mzuri au haukutisha. Kauli kama hizo hazimpi mtunzi pa kushika. Anachohitaji ni kuelezwa hofu iliingia wapi, ikakatika wapi, na kwa sababu gani.

Tangulizeni toleo mlilocheza. Ravenloft ilianza mwaka 1983 kama kisa kimoja cha ngome ya mnyonya damu Strahd von Zarovich, kilichotungwa na Tracy na Laura Hickman. Mwaka 1990 ikapanuliwa kuwa ulimwengu kamili wenye milki nyingi, kila moja na bwana wake mwovu. Mwaka 2016 kisa cha Strahd kikaandikwa upya kwa kirefu. Na mwaka 2021 ukatoka mwongozo mpya wa ulimwengu mzima. Tofauti baina ya matoleo hayo si ndogo. Zamani milki kadhaa zilipakana na kufanya bara moja ambalo msafiri angeweza kulivuka kutoka kwa bwana mwovu mmoja hadi kwa mwingine, ilhali katika toleo la 2021 kila milki imejitenga ndani ya Ukungu, ule unaoizingira na kumzuia msafiri kutoka. Anayelalamika kwamba safari zimepungua bila kutaja toleo hataeleweka. Mimi binafsi natamani lile bara lirudi, kwa sababu mpaka huzaa wakimbizi, wachuuzi na fitina, na bwana anayemhofia jirani yake ana mengi ya kufanya kuliko yule anayekaa peke yake akisubiri wageni.

Maoni ya wachezaji yakusanywe usiku uleule, kabla watu hawajaita bodaboda za kuwarudisha Isevya na Ng'ambo. Msimulizi, yaani anayeuongoza mchezo, asiulize kama umependeza, kwa kuwa mtu aliyekaribishwa chai nyumbani kwako hatakujibu kwamba haukupendeza. Aulize ni wakati gani mchezaji aliacha kutania, ni wakati gani alicheka pasipostahili kicheko, na kama kuna jambo alilotaka mhusika wake alifanye lakini kanuni zikamzuia. Majibu yaandikwe daftarini kama yalivyosemwa. Mchezaji mmoja wa meza yetu alijibu hivi: "Niliacha kutania pale tulipofunguliwa mlango tukakuta sahani zimeshapangwa, idadi yetu sawasawa, na hatukuwa tumebisha hodi." Jibu hilo moja lina thamani kuliko ukurasa mzima wa sifa, kwa sababu linamwonyesha mtunzi kwamba kilichotisha ni kujulikana mapema, wala damu haikuwapo.

Baada ya hapo chambueni chanzo. Hofu ikikatika, kosa linaweza kuwa la msimulizi, la kanuni au la mandhari, na watunzi wanaweza kurekebisha mawili ya mwisho tu. Kuhusu kanuni, toleo la 1990 lilimtaka mchezaji arushe dadu ili ijulikane kama mhusika wake ameshikwa na hofu, na wengine huona kwamba kuamriwa na dadu kuogopa kunaiua hofu yenyewe. Semeni kama ndivyo ilivyokuwa kwenu. Kuhusu mandhari kuna jaribio rahisi. Barovia, milki ya Strahd, ni nchi ya misonobari, theluji na baridi, na mtu aliyekulia kwenye miombo hajui baridi inavyomuua mtu taratibu. Chukueni tukio lilelile, mlihamishie kwenye kiangazi cha Septemba, wakati moto wa nyika unapotambaa msituni na jua la saa kumi jioni linageuka jekundu nyuma ya moshi, kisha mfanye moshi huo kuwa ndio Ukungu unaomrudisha msafiri alikotoka. Hofu ikirejea, waandikieni watunzi kwamba tukio ni zuri ila wanapaswa kueleza baridi inafanya nini mwilini, badala ya kudhani kila msomaji ameshaionja.

Lipo jambo moja ambalo wachezaji wa mkoa huu wanaweza kulisema kwa uzito kuliko wengine. Katika kisa cha 2016 kuna kikongwe anayeuza maandazi yanayoleta ndoto tamu, ambaye kwa kweli ni jini mla watoto anayeishi kwenye kinu cha upepo. Kwa msomaji wa Marekani huyo ni kioja cha hadithi. Huku kwetu na Kanda ya Ziwa, akina bibi wameuawa kwa mapanga wakituhumiwa uchawi, mara nyingi kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na miaka mingi ya moshi wa jikoni. Msiombe kikongwe huyo afutwe. Ombeni kisa kimpe msimulizi njia ya kuonyesha kijiji kinachomtuhumu bibi asiye na hatia, ili wachezaji walazimike kupima ushahidi kabla ya kunyanyua silaha. Ombi la namna hii si geni kwa watunzi: mwaka 2020 walikubali kwamba Wavistani, watu wasafiri wa Ravenloft, walikuwa wamechorwa kwa dhana potofu kuhusu Waroma, jamii halisi iliyosambaa Ulaya, wakaahidi kurekebisha.

Matumaini yenu yawe machache, na kila moja liambatane na gharama yake. Mkitaka bara lirudi, kubalini kwamba kila milki itapata kurasa chache zaidi. Semeni pia kinachopaswa kubaki, kwani mtunzi asiyeambiwa anaweza kukikata akidhani hakuna anayekijali. Watunzi wakitoa kanuni za majaribio, kama walivyofanya Januari 2021 kwa nasaba tatu, yaani aina za asili ambazo mchezaji anaweza kumpa mhusika wake, zilizoingia kwenye mwongozo wa Mei mwaka huohuo, zichezeni mezani kwanza ndipo mjibu, na katika jibu mtaje wachezaji walikuwa wangapi, walicheza kwa muda gani, na nani kati yao alikuwa anaijua Ravenloft tangu awali.