Kidari cha usiku kucha: mambo ya kuzingatia kabla ya kuwasha mkaa

Anza na saa ya kula, kisha hesabu kurudi nyuma. Kidari kizima cha ng'ombe cha kilo 6, kikipikwa kwa moshi kwa mtindo wa Texas kwenye nyuzijoto 110 hadi 120 za Selsiasi, huchukua saa 12 hadi 16. Vidari viwili vya uzito mmoja haviivi pamoja, kwa hiyo panga kwa saa zote 16. Wageni wakila saa 8 mchana, nyama iwe juu ya wavu saa 3 usiku. Ikiwahi kuiva saa 3 asubuhi itasubiri kwenye boksi la kuhifadhia baridi, bila barafu, lililopashwa kwanza kwa maji ya moto na kujazwa mataulo. Humo hukaa saa 4 au 5 ikiwa bado juu ya nyuzijoto 60. Ikichelewa hadi saa 7 mchana, bado ina saa nzima ya kupumzika, na chini ya hapo usikubali.

Nyama iagizwe siku mbili tatu kabla. Bucha nyingi za kwetu hukatakata kidari pamoja na mifupa yake; mwambie muuzaji unataka kizima, kisicho na mfupa, chenye upande mwembamba na ule mnene wenye mafuta. Ng'ombe wa kienyeji hana mafuta mengi ndani ya nyama kama wa Marekani aliyenenepeshwa kwa nafaka, hivyo chagua kidari kinene na uwe tayari kukifunga kwa karatasi mapema wakati wa kupika. Mafuta ya juu yapunguzwe hadi milimita 6 hivi. Kata pia kona ndogo ya upande mwembamba kukingama na nyuzi za nyama, iwe alama ya kukuongoza wakati wa kukata, maana ganda jeusi litazificha. Chumvi ya chenga gramu 70 na pilipili manga ya chenga kwa ujazo huohuo vinatosha.

Moto ndio wenye kazi kubwa zaidi. Zoa majivu yote ya zamani, kwa sababu ndiyo huziba matundu ya chini na kuushusha moto saa 9 usiku. Kwa jiko la moshi la wima lenye kipenyo cha sentimita 57, jaza kilo 7 au 8 za mkaa wa briketi, ufukie humo vipande 4 au 5 vya mwaloni mkavu vya ukubwa wa ngumi, kisha acha shimo katikati. Shimoni mimina briketi 15 hadi 20 zilizokwisha kuwaka. Moto utatambaa polepole kwenda pembeni. Mkaa wa magunia huwaka kwa kasi na bila usawa, hivyo ukiutumia jiandae kuamka kuongeza. Mbao zilizopakwa rangi au dawa zisitumike kabisa.

Tundu la juu liache wazi usiku wote. Likibanwa, moshi hudumaa na nyama huwa chungu. Joto liongoze kwa matundu ya chini, na anza kuyabana nyuzijoto 20 kabla ya kufika unakotaka, kwa sababu jiko lililopitiliza halishuki upesi. Nyama ipande moshi ukiwa mwembamba wa samawati, mafuta yakitazama chini, kwani joto linatoka huko.

Kipimajoto cha kwenye mfuniko hakitoshi. Tafuta chenye sensa mbili na kengele, moja wavuni na nyingine ndani ya nyama. Kipime kwenye maji yenye barafu: kisome 0. Ukikipima kwa maji yanayochemka kumbuka mwinuko. Nairobi maji huchemka kwenye karibu nyuzijoto 94, si 100. Kengele ya wavu iite chini ya 100 na juu ya 140. Ukikuta jiko limepoa, nyama iko chini ya 60 na hujui tangu lini, itupe.

Jiko likae nje, mahali tambarare, mbali na kuta na upepo. Gereji hapana, hata mlango ukiwa wazi: hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua.

Kati ya nyuzijoto 65 na 75 nyama itagoma kupanda kwa saa kadhaa, kwa kuwa maji yanayovukiza juu yake huipoza kama jasho lipozavyo mwili. Usifungue matundu kwa hofu. Ganda likiwa jeusi na halikwaruziki kwa ukucha, ifunge kwa karatasi ya bucha isiyo na nta, au foili ukitaka haraka, ingawa foili hulainisha ganda. Imeiva karibu na 95, kijiti kikizama bila ukinzani.

Oveni ya ndani nayo iwe tupu na safi. Nyama ikishafungwa haichukui tena moshi wa maana, kwa hiyo mkaa ukiisha alfajiri ihamishie humo kwenye nyuzijoto 120.