Jinsi ya kubadilisha cheni na loki ya saa ya thamani ukiwa nyumbani

Kati ya saa zilizowahi kuletwa mezani kwangu, iliyoniuma zaidi haikuanguka wala haikuingia maji. Ilikuwa Omega Speedmaster, na mwenyewe alijaribu kutoa cheni kwa ncha ya kisu cha jikoni. Kisu kikateleza. Mkwaruzo ulianzia kwenye sikio la saa, ile pembe inayoshika cheni, ukashuka hadi ubavuni, mrefu kama punje ya mchele na wenye kina cha kukwama kucha. Alitaka kuweka mkanda wa ngozi tu, kazi ya dakika 10.

Kazi hii unaiweza. Nimewafundisha wengi, na nakuandikia wewe ambaye umejichanga ukanunua saa nzuri na hutaki kumpelekea fundi kila unapotaka kubadilisha muonekano. Ila kabla ya yote, elewa kitu kimoja. Watu huumiza kichwa kuhusu loki, ing'ae vipi, ijifunge vipi, huku saa yenyewe ikishikiliwa mkononi na pini ya springi, kijiti cha chuma chenye unene wa milimita 1.5 hadi 2. Pini ikikosea kukaa, loki nzuri kiasi gani haitakusaidia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kuhusu pini.

Usiguse kwanza saa ambazo cheni yake ni sehemu ya umbo la saa, kama Royal Oak ya Audemars Piguet au Nautilus ya Patek Philippe. Zile hazina nafasi ya kawaida kati ya masikio, vipuri vyake haviingiliani na vya saa nyingine, na kingo zake zimepigwa msasa na kung'arishwa kwa ustadi kiasi kwamba mkwaruzo mdogo unaonekana toka mbali. Hizo peleka kwa fundi aliyezizoea. Cartier Santos ya 2018 na kuendelea, kwa upande mwingine, ina kitufe nyuma ya cheni. Unabonyeza, cheni inatoka, huhitaji kifaa chochote.

Hatua ya 1: Pima, ndipo ununue

Kuna vipimo viwili, na wengi wanakumbuka kimoja tu.

Cha kwanza ni nafasi kati ya masikio, yaani zile pembe mbili za juu na mbili za chini zinazoshika cheni. Usikisie kwa kuangalia ukubwa wa saa. Rolex Submariner ya milimita 40 ina nafasi ya milimita 20, lakini iliyotoka 2020 yenye milimita 41 ina 21. Tudor Black Bay 58 ni 20, wakati Black Bay ya milimita 41 ni 22. Milimita moja inatosha kabisa kukunyima usingizi: cheni ya 20 kwenye nafasi ya 21 itacheza kushoto na kulia, na kila inapocheza inasugua sikio kwa ndani. Tumia kalipa ya kidijitali, ya bei nafuu inatosha.

Cha pili ni upana wa cheni pale inapoingia kwenye loki. Cheni nyingi huanza pana kwenye saa na kuwa nyembamba kuelekea chini. Black Bay 58 inaanza na 20 inaishia 16. Speedmaster ya 2021 inaanza na 20 inaishia 15. Ukinunua loki kwa kipimo cha masikio, umepoteza hela. Pima pia unene wa pini inayoingia kwenye loki. Na jina la kampuni moja kwenye loki mbili si hakikisho kwamba zinaingiliana. Linganisha namba ya modeli ya cheni, ambayo mara nyingi imeandikwa ndani ya loki au kwenye kichwa cha cheni.

Hatua ya 2: Andaa meza

Tandika kitambaa laini cha rangi moja, cheupe ikiwezekana, ili pini ikidondoka uione. Zima feni. Pini ya springi ikiruka huenda mbali kuliko unavyodhani, kwa hiyo kaa mbali na makochi.

Unahitaji kifaa cha kutolea pini chenye uma mdogo upande mmoja na sindano upande wa pili. Mimi natumia Bergeon 6767 ya Uswisi, na ncha yake ikichakaa nabadilisha ncha peke yake. Ongeza bisibisi ndogo ambayo ncha yake inajaza mfereji wa skrubu kwa upana wote, kibano, kioo cha kukuzia na selotepu ya karatasi ile ya wapaka rangi. Bisibisi nyembamba kuliko mfereji ndiyo inayokula vichwa vya skrubu.

Piga picha. Saa kwa mbele, kwa nyuma, na loki ikiwa imefungwa na ikiwa wazi. Picha hizo zitakuambia baadaye loki ilielekea upande gani.

Hatua ya 3: Toa cheni

Bandika selotepu kwenye masikio yote manne, ndani na nje, na nyuma ya saa pia. Usiruke hili hata kama una haraka.

Fungua loki, laza saa kifudifudi. Tazama kati ya sikio na kichwa cha cheni, kile kipande kilichopinda kukumbatia saa. Utaona upenyo mwembamba, na ndani yake bega la pini, kama pete ndogo. Ingiza uma uishike pete hiyo, kisha isukume kuelekea katikati ya cheni. Usibinue kifaa kama unafungua soda. Nguvu yote iende pembeni, isiende juu. Pini ikishuka, inua kichwa cha cheni kidogo sana upande huo ili pini isirudi kwenye tundu lake. Nenda upande wa pili, fanya vilevile. Cheni itatoka yenyewe.

Kama masikio yana matundu yaliyotokeza nje, una bahati. Sukuma pini kutoka nje kwa ncha ya sindano, na hatari ya kukwaruza inapungua sana.

Zikague pini ulizotoa. Hapa pwani jasho na chumvi havina huruma. Chukua brashi ya meno na maji ya uvuguvugu, safisha, kisha bonyeza kila ncha kwa kucha. Ikirudi kwa uzito, au ina doa la kutu, au imepinda hata kidogo, tupa. Niliwahi kurudisha pini ya zamani kwa sababu ilionekana nzima, na wiki tatu baadaye mteja akaniletea saa yenye kioo kilichopasuka, ilimdondoka akipanda daladala. Nililipa kioo mimi. Tangu siku hiyo kila cheni inayotoka mezani kwangu inarudi na pini mpya, za unene uleule wa zilizotoka.

Hatua ya 4: Badilisha loki

Loki imeshikwa sehemu mbili. Upande mmoja kwa kawaida una safu ya vitundu vidogo ubavuni, na pini ya springi imekaa katika kimojawapo. Bonyeza ncha yake kwa sindano toka nje huku ukivuta cheni taratibu. Upande wa pili unaweza kuwa na pini ya springi, skrubu au pini ya kugonga, ile isiyo na springi inayotolewa kwa kugongwa, kutegemea modeli.

Ukiona mishale midogo ndani ya cheni, inaonyesha pini ya kugonga inapotokea. Ifuate. Angalia pia kama pini ina kijibomba kidogo katikati ya pingili; kikidondoka na usikione, cheni haitashika tena.

Ukichagua loki mpya, fikiria joto, maana mkono hujaa. Mkono wa saa nane mchana Dar si mkono wa saa kumi na mbili asubuhi. Loki zenye marekebisho ya haraka zina faida kubwa huku kwetu: Glidelock ya Rolex inasogea kwa hatua za takriban milimita 2 hadi kufikia milimita 20, Easylink ya kampuni hiyohiyo inaongeza milimita 5, na T-fit ya Tudor ina nafasi tano ndani ya milimita 8.

Hatua ya 5: Pingili

Kama cheni inakulegea, toa pingili pande zote mbili za loki ili loki ikae chini ya kifundo, katikati. Pima mchana, mkono ukiwa umejaa.

Skrubu ikigoma, usiilazimishe. Kiwandani mara nyingi hutiwa gundi. Cheni ikiwa imetoka kwenye saa, ipashe kwa mashine ya kukaushia nywele dakika mbili tatu, ujaribu tena. Ukirudisha, tia tone dogo la gundi ya skrubu, Loctite 222, ile ya zambarau. Nyekundu usiiguse kabisa.

Hatua ya 6: Rudisha na ujaribu

Weka pini ndani ya kichwa cha cheni. Ingiza ncha moja kwenye tundu kwa mshazari, bana ya pili kwa uma, sukuma mpaka isikike *tik*. Sauti pekee haitoshi. Vuta kichwa cha cheni kwa nguvu ya vidole viwili, kisha kisukume kushoto na kulia. Kikitoka, pini ilikuwa imekaa kwenye ukingo wa tundu.

Shika saa kwa loki iliyofungwa, itikise juu ya kitanda mara 10. Ndipo utoe selotepu.

Loki ya zamani, pingili na skrubu zake tia kwenye mfuko mmoja mdogo, andika modeli na tarehe, uweke pamoja na boksi la saa. Siku ya kuuza, mnunuzi makini ataulizia. Baada ya wiki mbili, kagua skrubu zote kwa kioo cha kukuzia; iliyoanza kutokeza kichwa, hata kwa unene wa karatasi, itoe, uisafishe na kuitia gundi upya.