Jinsi ya kusoma Dirisha la Ukombozi pale Canterbury

Nenda asubuhi. Dirisha hili liko mwisho kabisa wa upande wa mashariki wa kanisa kuu la Canterbury, Uingereza, na jua linapochomoza ndipo vioo vyake vinawaka. Beba darubini, maana picha ziko juu.

Mpangilio wake ni wa karibu mwaka 1200, na unasomwa kutoka chini kwenda juu. Picha zimepangwa kwa makundi. Katika kila kundi tafuta kwanza picha ya katikati: hiyo ni Agano Jipya. Kisha tazama nne zinazoizunguka, za Agano la Kale. Kila moja ni kivuli cha ile ya kati, yaani inaiashiria kabla.

Katikati ya kundi la chini kabisa ni Yesu msalabani. Pembeni yake kuna Ibrahimu akitaka kumtoa Isaka sadaka, Pasaka ya Waisraeli, na Musa akiupiga mwamba. Ila mimi hunasa kwa picha ya nne, wapelelezi wawili wa kitabu cha Hesabu, sura ya 13: mti mabegani, kichala cha zabibu kikining'inia kati yao. Usiondoke hapo haraka. Mti ni msalaba, zabibu ni Kristo, na divai ya kikombe cha Ekaristi imo mle mle.

Ukishaizoea hiyo, panda kwenye kuzikwa, umtafute Yona akitupwa baharini.