Mboji ya kinamasi hunasa metali nzito, lakini hujaa

Maji yanayotiririka kutoka machimboni au kwenye karakana za betri yanaweza kuwa maangavu, bila harufu wala ladha, na bado yakawa na metali nzito zenye sumu kama risasi au kadimiamu. Kuyachemsha hakusaidii: maji yakipungua kwa mvuke, metali hubaki na kukolea zaidi. Kwa hiyo peleka sampuli maabara kwanza. Kujenga kichujio cha mboji bila majibu ya maabara ni kupoteza nguvu, maana hujui unachuja nini.

Mboji ya kinamasi ni mabaki ya mimea yaliyooza nusunusu chini ya maji, mahali hewa isipofika. Ukiikamua mkononi hutoa maji ya rangi ya chai. Asidi za humiki zilizomo, yaani asidi zitokanazo na mimea iliyooza, zina chaji hasi, na metali nyingi zilizoyeyuka majini zina chaji chanya, ndiyo maana hunaswa. Risasi na shaba hushikwa kwa nguvu. Kadimiamu, zinki na nikeli hushikwa kwa ulegevu, na risasi au shaba ikizidi huweza kuzing'oa zirudi majini. Aseniki, pamoja na kromiamu ya aina ya sita, kwa kawaida huwa na chaji hasi majini, basi usitegemee mboji kuziondoa.

Angalia pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji: namba ikiwa ndogo, asidi ni nyingi. Mboji hufanya kazi vizuri kati ya 4 na 6 hivi. Ikishuka chini ya 3, metali zilizonaswa huanza kuachiwa. Ikipanda sana, mboji yenyewe huyeyuka na maji hutoka meusi. Maji ya machimboni yenye asidi nyingi yapitishwe kwanza kwenye kokoto za mawe ya chokaa. Kokoto hizo zikishavikwa ukoko wa kutu huacha kazi, hata kama kwa macho zinaonekana bado zipo. Zibadilishe.

Kwa kichujio chenyewe, tumia pipa la plastiki, si la chuma. Weka kokoto chini, kisha mboji iliyochanganywa na mchanga wa chembe kubwa. Mboji tupu hugandamana, maji yakajitafutia njia pembeni mwa pipa na kutoka kama yalivyoingia. Ni bora maji yaingie kwa chini na kutokea juu, polepole, ili yakae na mboji kwa saa kadhaa. Usiiache ikauke: mboji iliyokauka kabisa hukataa maji.

Shida kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba kichujio kilichojaa hakina dalili. Rangi ni ileile, mtiririko ni uleule, na metali zinapita. Pima maji yanayoingia na yanayotoka, kwa ratiba, na ubadilishe mboji kabla vipimo havijafika kikomo. Kwa kadimiamu, mwongozo wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) kwa maji ya umwagiliaji ni miligramu 0.01 kwa lita. Kwa maji ya kunywa, WHO (Shirika la Afya Duniani) imeweka 0.003. Kichujio hiki si cha maji ya kunywa, kwa watu wala kwa mifugo.

Mboji iliyotumika ni taka yenye sumu, japo inafanana na mbolea nzuri, na hapo ndipo watu huteleza. Usiimwage shambani wala kuichanganya na mboji ya kawaida: mboga za majani hufyonza kadimiamu upesi. Usiichome pia, kwani metali hubaki kwenye majivu na nyingine huenda na moshi. Ifunge kwenye chombo kisichovuja, iwekwe mbali na mvua na visima, na uulize mamlaka ya mazingira mahali pa kuipeleka.

Wala usikimbilie kuchimba kinamasi kilicho jirani. Mboji hujengeka takriban milimita 1 kwa mwaka, na kinamasi kinachokaushwa huachia hewani kaboni ya karne nyingi. Mboji ya takataka za mimea iliyoiva sawasawa nayo hunasa risasi na shaba, na unaweza kuitengeneza mwenyewe; anza na hiyo, uipime kwa namna ileile.