Darasa la kompyuta za mtumba na Linux

Nunua kompyuta za aina moja, hata idadi ikipungua. HP EliteBook 840 G1 kumi na tano zina manufaa kuliko ishirini za mchanganyiko: chaja, kibodi na RAM (kumbukumbu ya muda) vinahamishika, na Linux, mfumo endeshi wa bure, unasimikwa mara moja tu, kisha unanakiliwa.

Dukani washa kila moja, bonyeza kila herufi, kisha igeuze. Mfuniko wa chini ukiwa umeinuka, huenda betri imevimba. Usiichaji, dai kompyuta nyingine.

RAM iwe GB 4 au zaidi, diski iwe SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) ya GB 120. SSD ndiyo inayofanya mashine ya zamani ionekane mpya, kwa hiyo kama fedha ni chache anza nayo. Kuwa makini na RAM: 840 G1 inataka DDR3L ya volti 1.35. Soma kibandiko chake. Kikisema PC3L, ndiyo. Kikisema PC3 bila L, mashine inaweza kukataa kuwaka, na utadhani ubao mama umekufa.

Kabla ya kusimika, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) kwa F10 uweke zote kwenye Legacy, njia ya zamani ya kuwasha. Ukichanganya Legacy na UEFI (njia mpya), nakala itaingia vizuri lakini haitawaka. Kisha simika Linux Mint Xfce au Lubuntu, matoleo mepesi ya Linux, kwa flashi (ukiwasha bonyeza Esc, halafu F9) kwenye mashine mama, yaani ile itakayonakiliwa kwenye nyingine, uongeze LibreOffice (programu za ofisi) na akaunti ya mwanafunzi isiyo na ruhusa ya kusimika programu.

Ukimaliza, futa kitambulisho cha mashine (machine-id) kwa kuandika kwenye dirisha la amri (terminal):

sudo truncate -s 0 /etc/machine-id

Zima hapo hapo. Ukiiwasha tena kwa kawaida, kitambulisho kinajiandika upya na kazi inarudi nyuma. Kikinakiliwa, mashine zote zitajitambulisha kwa namba moja. Sasa washa kwa flashi ya Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, unakili diski. Mashine mama iwe na SSD ndogo kuliko zote, kwa sababu Clonezilla kwa kawaida hukataa diski pokezi iliyopungua hata MB chache. Baadaye ipe kila kompyuta jina lake.

Intaneti si lazima. Mashine moja yenye RAM ya GB 8 iwe seva ya Kiwix, programu inayosomesha Wikipedia bila intaneti kutoka faili la ZIM:

kiwix-serve --port=8080 wikipedia.zim

Wanafunzi wanafungua kivinjari kwenye anwani ya seva, wakimalizia na :8080. Flashi ya kubebea faili za ZIM iwe ya muundo wa exFAT, maana muundo wa FAT32 haupokei faili linalofika GB 4, na kunakili kutakatika katikati.

Umeme: chaja 15 za wati 65 ni wati 975. Soketi ya ampea 13 inazimudu, ila ekstensheni nyembamba iliyochomekwa juu ya nyingine hupata moto pale kwenye maungio. Gawanya kwenye soketi mbili za ukutani. Na saa ikirudi nyuma kila kompyuta inapozimwa, badilisha betri ndogo ya saa iliyo ndani. Tarehe ikikosewa, kivinjari hukataa kurasa salama za intaneti.