Treni mpya ya mjini imefunguliwa, kabla hujaanza kuipanda kwenda kazini angalia haya

Najua una hamu. Treni nyepesi, yaani hizi za umeme za mjini zenye mabehewa machache, ni tamu jamani, inapita tu zake huku magari yamegandana pembeni, na ukibahatika na siti unaweza hata kusinzia kidogo. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kuipanda siku ya uzinduzi ukiwa unapiga picha na kuipanda saa moja na nusu asubuhi una kikao saa mbili, na hiyo ya pili ndo naiongelea hapa.

Kwanza usiidanganye akili yako na ile namba ya dakika iliyobandikwa kituoni. Wakisema laini nzima ni dakika 22 wamehesabu treni ikitembea, hawajakuhesabu wewe. Wewe unatoka mlangoni kwako, unatembea mpaka kituoni (mita 400 ni kama dakika 5, mita 800 kama dakika 10 kwa mwendo wa kawaida, na kama kuna mlima ongeza), unasubiri, unapanda, unashuka, unavuka barabara, unatembea tena, alafu kuna lifti ya ofisini ambayo asubuhi nayo ina foleni yake. Zile 22 ukizijumlisha na hayo yote zinakua 50 bila shida. Na hapo kwenye kusubiri, kama treni zinakuja kila dakika 10 basi ukifika bila mpango utasubiri wastani wa dakika 5, ila ukitaka kua salama hesabu kumi zote, yaani jiwekee kwamba umeikosa moja kwa sekunde mbili, kwa sababu itatokea. Zikiwa kila dakika 20 hapo huwezi kwenda kienyeji, lazima ujue ratiba kichwani.

Mi nilifanya jaribio langu Jumapili. Nikatoka nyumbani na saa mkononi kama kocha, mlango kwa mlango dakika 40, nikajiona mjanja sana. Jumatatu treni ya kwanza ikaja imejaa mpaka mlangoni ikaniacha, ya pili nikaingia kwa kujikunja mkoba juu ya kichwa, nikafika nimechelewa dakika 25 na kikao kimeshaanza na siti iliyobaki ni ile ya mbele kabisa. Kwahiyo jaribio fanya siku ya kazi, muda ule ule utakaokua unasafiri, na ukiwa huna presha ya kufika, labda siku uko likizo. Jumapili ratiba ni tofauti, watu ni tofauti, hata taa za barabarani zinaruhusu tofauti.

Jambo ambalo watu wengi wanalisahau ni basi lao la zamani. Laini mpya ikifunguliwa mara nyingi mabasi yaliyokua yanapita njia ile ile yanaondolewa au yanageuzwa yawe ya kuleta watu stesheni tu. Pale Ottawa, Kanada, laini yao mpya ilianza Septemba 2019, mabasi ya sambamba yakaachwa kama wiki tatu hivi, alafu Oktoba yakaondolewa, na wiki ile ile milango ya treni ikaanza kugoma, watu wakajaa platfomu hawana pa kwenda maana basi walilozoea halipo tena. Sasa usisubiri ikukute, angalia mapema basi lako linabaki au linaondoka, na kama linaondoka ni lini, na hilo jipya la kukupeleka stesheni linapita kila baada ya muda gani. Kama una gari na unafikiria kulipaki stesheni, sawa, ila maegesho ya stesheni hujaa mapema sana, ukifika saa mbili usishangae.

Tiketi. Hapa ndo wageni wanaliwa faini. Treni nyingi za aina hii hazina mageti, unatoka barabarani unapanda ngazi mbili unaingia, hamna wa kukuuliza, unaona kama bure vile. Si bure. Wanatumia mtindo wa kila mtu awe na uthibitisho wa kulipa, na wakaguzi wanapita wakitaka, leo hawapo kesho wapo watano. Kuna miji unagonga kadi platfomu kabla hujapanda, kuna miji mashine iko ndani ya behewa, na tiketi ya karatasi nyingine haihesabiki mpaka uipitishe kwenye kimashine kiipige muhuri wa muda, hata kama umeinunua kihalali kabisa. Jua ya mji wako ni ipi. Alafu jua kama unatakiwa kugonga tena ukishuka, maana pale inapotakiwa ukisahau mfumo haujui umeshukia wapi na unaweza kukatwa nauli kubwa kuliko safari yako. Na gonga na kitu kile kile mwanzo na mwisho, ukipandia na kadi ya benki usishukie na simu hata kama akaunti ni moja, mara nyingi mashine inaona ni watu wawili tofauti.

Kuhusu pasi ya mwezi usikimbilie. Chukua bei ya pasi gawa kwa bei ya safari moja, utapata idadi ya safari ambazo ukizipita ndo pasi inalipa. Mtu anayekwenda ofisini siku 3 kwa wiki anafanya safari kama 26 kwa mwezi, anayekwenda siku 5 kama 43. Kama jibu lako la kugawa ni 34 basi wa siku tatu anatupa hela. Na tiketi ikiwa kwenye simu, chaji inakua sehemu ya nauli, simu ikizima mbele ya mkaguzi hana cha kuangalia.

Ukiwa platfomu, usisimame pale ngazi zinapoishia, kila mtu anasimama pale. Tembea mpaka mwisho, behewa la huko lina nafasi. Wajanja wanakwenda mbali zaidi, wanajua mlango gani unatokea usawa wa njia ya kutokea kwenye kituo wanachoshukia, siku ya tatu ya nne na wewe utajua. Milango mingi haifunguki yenyewe, bonyeza kitufe kikiwaka, na treni inasimama sekunde 20 au 30 tu basi, kama unashukia kituo kinachofuata anza kusogea mapema. Mlango ukianza kufunga achana nao. Kuweka mguu au begi kunaweza kufanya mlango ugome na treni nzima isimame, na wote ndani watajua ni wewe. Siti ni chache kwa makusudi, ili watu wengi waingie wakiwa wamesimama, kwahiyo tafuta pa kushika, breki ya dharura haina taarifa.

Kwenye kuvuka reli hapa naomba nikae kidogo maana watu waliozoea mabasi wanakosea. Treni haiwezi kukukwepa. Magurudumu ya chuma juu ya chuma hayashiki kama tairi juu ya lami, kwahiyo inahitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na kwa sababu ni ya umeme huisikii inakuja, hasa ukiwa na hedifoni. Toa hedifoni unapovuka. Na treni moja ikishapita usivuke kwa nyuma yake haraka, angalia kwanza kama kuna nyingine inatoka upande wa pili, ile ya kwanza inaificha kabisa. Wenye baiskeli ndo wako hatarini zaidi, tairi inaingia kwenye mfereji wa reli unaruka kama gunia, kule Edinburgh, Uskoti, tramu (treni nyepesi zinazopita barabarani) zilianza 2014 na waendesha baiskeli wengi wameumia kwenye reli zile. Vuka reli ukiwa umeikata msalaba, usiende nayo sambamba, na mvua ikinyesha hata kiatu kinateleza.

Kama una skuta ya umeme uliza kwanza. London walizipiga marufuku Desemba 2021 kwenye usafiri wao wa umma, tramu zikiwemo, sababu ya betri kuwaka moto. Baiskeli ya kukunja huwa inaruhusiwa sehemu nyingi, ya kawaida mara nyingi sio saa za msongamano.

Alafu panga siku mbaya. Treni iliyokwama mbele haiwezi kupitwa na ya nyuma, gari moja likigongana na treni kwenye makutano basi kipande kizima cha laini kimelala. Jua vituo viwili ambavyo ukishushwa hapo unaweza kutembea au kupata basi lingine, weka bando la kuangalia taarifa, vaa au beba viatu vya kutembelea. Miezi ya mwanzo weka dakika 15 hadi 20 za ziada, mafundi na madereva wenyewe bado wanaijifunza. Na mwambie bosi mapema kwamba umehamia treni. Japani kampuni za reli zinatoa cheti cha kuchelewa unakipeleka ofisini, huku kwingine piga tu picha ya tangazo la kwenye skrini.

Mwisho kurudi. Watu wanapanga asubuhi tu, jioni wanabakizwa kazini wanakuta treni zimepungua au zimeisha kabisa. Mi nimeandika nyuma ya kitambulisho cha kazi muda wa treni ya mwisho na wa ile ya kabla yake, na ninayoikimbilia ni ile ya kabla yake.